Heri Ikatae Kuliko Ichelewe

Tarehe 26 Desemba, watu wengi wa Pennsylvania wakiwa bado wanamalizia viporo vya Krismasi, kuna wakaidi wachache wanaoingia porini na bunduki ambazo jeshi la Uingereza lilianza kuachana nazo mwanzoni mwa enzi ya Malkia Victoria. Huo ndio msimu wa kulungu wa baada ya Krismasi. Ulianzishwa mwaka 1974 na masharti yake hayana utani: bunduki iwe ya kushindilia mdomoni, ya mtindo uliokuwapo kabla ya mwaka 1800, na cheche itoke kwenye jiwe la asili linalogonga chuma. Fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, hapana. Ni gumegume tu, ile ile tuliyoisoma kwenye historia ya misafara ya pembe za ndovu.

Kwa maneno mengine, serikali ya jimbo inakuandikia kibali cha kwenda kuwinda na silaha ambayo kila mtu anajua kuwa hukataa. Hakuna anayelalamika. Jimbo lina kulungu wengi, wale wa mkia mweupe, na wanaotaka uhakika wana misimu mingine ya bunduki za kisasa. Tena wingi huo wenyewe ni kazi ya mikono ya watu: kufikia mwanzo wa karne ya 20 kulungu walikuwa karibu kwisha, hata tume ya wanyamapori iliyoundwa mwaka 1895 ikalazimika kuagiza wengine kutoka majimbo ya mbali kuanzia 1906. Leo wanakula maua kwenye bustani za watu. Sisi wa gumegume tunaingia mwishoni kabisa, kwenye baridi kali, tukiwa tunajua kwamba huenda tukarudi na hadithi badala ya nyama.

Hadithi zenyewe ndizo zilizonifanya niandike. Wawindaji hawa wakikutana, iwe kwenye duka la kahawa au kando ya magari alfajiri, husimuliana jinsi bunduki ilivyomkataa fulani, na wote hucheka. Kulungu alisimama pale, dume la pembe zenye ncha nane, nikavuta, klik! Akanitazama, akaondoka zake. Vicheko. Ni ucheshi halali, nami nacheka. Lakini ndani ya neno moja la "kukataa" wanatia mambo ambayo hayafanani hata kidogo, na moja kati yake halichekeshi.

Bunduki inaweza kukataa kabisa. Unapandisha mtambo, unavuta kifyatulio, jiwe linashuka na kugonga bamba la chuma, na cheche hazitoki, au zinatoka chache zikafa kabla ya kufika kwenye kisahani, kile kibakuli kidogo kando ya mtutu chenye baruti ya kuwashia. Kimya. Kulungu amesikia mlio mdogo wa chuma, anainua mkia, anakwenda. Inaweza pia kuwaka nje tu: baruti ya kisahani inalipuka puu, moshi unakupiga usoni, na ile iliyo ndani ya mtutu haina habari. Hapo umeaibika na nyusi zinanuka kiberiti, ila kulungu ni mzima.

Halafu kuna kuchelewa. Kisahani kinawaka, moto unasuasua kwenye tundu la kuingilia ndani ya mtutu, na wewe tayari umeshaamini kuwa imekataa. Mkono umelegea. Kichwa kimeinuka kwenye kitako ili uone mnyama anafanya nini. Ndipo bunduki inalia.

Jirani yangu, mzee aliyekulia kwenye vilima vya wilaya ya Berks na aliyeanza kuwinda na gumegume kabla mimi sijazaliwa, alipatwa na hilo Januari moja yenye mvua ya rasharasha. Theluji ilikuwa inayeyuka, ukungu umeshika bonde lote. Jike lilitoka kwenye vichaka vya misonobari likasimama ubavu, umbali ambao asingeweza kukosa hata akitaka. Alivuta. Kisahani kikawaka. Yeye mwenyewe anasema alipata nafasi ya kuwaza neno zima la tusi kabla mlio haujaja. Risasi ya duara, nusu inchi ya madini ya risasi tupu, haikwenda kwenye mapafu alikolenga. Mdomo wa mtutu ulikuwa umeshashuka, na kulungu alikuwa ameshaanza kugeuka kwa kuuona ule mwako. Ilimpata tumboni.

Nilipigiwa simu nikasaidie kufuata damu. Asiyewahi kufanya kazi hiyo ajue kwamba damu ya jeraha la tumbo si damu ya kufuatika: ni matone ya hapa na pale, mengine ya kijani kwa majani yaliyokuwa yanasagwa tumboni, na theluji inayoyeyuka huyameza. Unangoja saa kadhaa kwanza, maana ukimkimbiza atakwenda mbali zaidi. Tulitafuta kwa tochi mpaka usiku mkubwa. Kulipokucha tukamkuta ng'ambo ya kijito, na koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa Amerika, walikuwa wamewahi. Nyama haikufaa. Mzee alibandika lebo ya kibali chake kwenye sikio la kulungu kama sheria inavyotaka, akahesabu msimu wake umekwisha, akarudi nyumbani. Hiyo ndiyo hadithi ambayo hajawahi kuisimulia kwenye duka la kahawa.

Basi msimamo wangu ni huo: kama ni lazima bunduki inikosee adabu, initupe mkono kabisa. Ikikataa, hasara ni yangu. Ikichelewa, hasara inahamia kwa mnyama. Na kwa kuwa kuchelewa kuna sababu zinazojulikana, mwindaji hawezi kujificha nyuma ya bahati mbaya.

Tuanze na baruti, kwa sababu humo ndimo mengi yanaanzia. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa zamani sana: shura sehemu 75 katika mia, makaa 15, kiberiti 10. Inawaka upesi na kwa joto dogo, na hiyo ndiyo sifa inayoifanya ikubali cheche za jiwe. Lakini inawaka kichafu. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi; hubaki kama masizi na chumvichumvi za potasiamu, nyingine zikitoka na moshi na nyingine zikiganda ndani ya mtutu na kwenye kisahani. Chumvi hizo hufyonza maji hewani kama chumvi ya jikoni iliyoachwa wazi Tanga wakati wa masika. Siku ya ukungu, dakika chache baada ya risasi ya kwanza, ukipitisha kidole kwenye kisahani unapata uji mweusi. Ukimwaga baruti mpya juu ya uji huo, umeshapanga kuchelewa kwako.

Kwa hiyo risasi ya pili ndiyo yenye mashaka zaidi, watu wa gumegume wanalijua hilo. Lakini mzee wangu alikuwa anapiga ya kwanza, na mtutu wake ulikuwa safi. Safi mno, kwa kweli. Alikuwa ameusafisha kwa mafuta wiki kadhaa kabla, akausimamisha kwenye kona mdomo ukitazama juu, kama bunduki zinavyosimamishwa kwenye makabati yote ya dunia. Mafuta yana tabia ya kushuka. Yalishuka polepole mpaka chini kabisa ya mtutu, pale hasa baruti inapokaa, na yakaingia kwenye tundu la moto. Baruti iliyoshindiliwa juu ya mafuta hailowi yote. Ile ya chini inakuwa nzito na ya juu inabaki kavu. Ikipata moto, inajikokota kwanza, kisha inalipuka. Dawa yake haina gharama: bunduki ya kushindilia ihifadhiwe mdomo chini, na asubuhi ya kuwinda mtutu upanguswe kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kikavu, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Wenye bunduki za fataki hulipua fataki moja tupu wakielekeza mdomo kwenye jani lililoanguka. Jani likiruka, njia iko wazi.

Unyevu una mlango mwingine ambao wageni wa nchi za baridi hatuufikirii. Sisi tunaotoka kwenye joto tunadhani hatari ni mvua. Lakini unaweza kuwinda siku nzima kwenye baridi kavu isiyo na tone, ukarudi kwenye kibanda chenye jiko la kuni, ukaegemeza bunduki ukutani ili uote moto. Chuma baridi kikiingia kwenye hewa ya vuguvugu hutoka jasho, nje na ndani. Humo ndani kuna baruti. Ukirudi porini baada ya chakula umebeba silaha iliyolowa bila kunyeshewa. Ndiyo maana wazoefu huacha bunduki nje, kwenye banda lisilo na moto, hata kama wao wenyewe wanalala ndani. Kwa mvua wanayo ngozi iliyopakwa mafuta ya mnyama, inayofungwa kuzunguka mtambo wote. Wanaiita goti la ng'ombe, maana hapo zamani ngozi ya sehemu hiyo, iliyokwisha kujikunja yenyewe, ndiyo iliyokaa vizuri juu ya mtambo.

Sasa tundu la moto. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye siri ya kuchelewa. Wengi hudhani baruti ya kisahani inapaswa kujaa mpaka iingie kwenye tundu na kukutana na ile ya ndani, ili moto upite bila kukatika. Inaonekana ni akili, kumbe ndiyo njia ya hakika ya kuharibu. Tundu likijaa baruti linageuka utambi: punje moja lazima iungue ndipo ishike inayofuata, na punje hizo zinachukua muda, mfupi lakini unaosikika. Tundu likiwa tupu, mwako wa kisahani unarusha joto lake moja kwa moja hadi kwenye baruti ya ndani, na mlio unakuwa mmoja. Asiyejua hasikii kwamba kulikuwa na milipuko miwili. Kwa hiyo wakati wa kushindilia watu huchomeka unyoya kwenye tundu, wa bata mzinga mara nyingi, kisha huutoa na kuacha njia nyeupe. Shingoni au begani wananing'iniza sindano ya waya ya kuzibulia. Kifaa kidogo namna hiyo, na kina kazi kubwa kuliko jiwe lenyewe.

Jiwe hulaumiwa kuliko linavyostahili. Ni kweli linapaswa kuwa kali, kubanwa imara kwenye taya za mtambo kwa kipande cha ngozi au cha madini ya risasi, na kugonga bamba sehemu ya juu ili likwangue kushuka. Cheche zenyewe hazitoki kwenye jiwe. Ni chembe za chuma zilizokwanguliwa zikashika moto. Bamba likiwa na utando wa mafuta, hata wa dole gumba lako, hakuna cha kukwangua. Lakini jiwe butu kwa kawaida hukupa ule ukataaji wa kwanza, wa kimya. Kuchelewa ni habari ya baruti na tundu.

Na aina ya baruti. Baruti nyeusi halisi si rahisi kuipata madukani Marekani, kwa sababu sheria inaihesabu kuwa kilipuzi na muuzaji anatakiwa leseni na ghala maalumu, ingawa mtu binafsi anaruhusiwa kuwa nayo hadi ratili 50 kwa ajili ya silaha za kale. Maduka mengi makubwa huuza mbadala wake, ambao ni salama zaidi kuuhifadhi kwa sababu unahitaji joto kubwa zaidi ili uwake. Hiyo ni sifa njema rafuni. Kwenye gumegume ni balaa. Kijana ananunua bunduki, ananunua chupa aliyoikuta karibu na kaunta, na msimu mzima anahangaika kubadilisha mawe.

Inanifurahisha kwamba aliyeiua gumegume alikuwa mwindaji aliyechoshwa na kuchelewa, si jenerali. Alexander John Forsyth alikuwa mchungaji wa kanisa huko Belhelvie, Scotland, na alipenda kuwinda ndege. Ndege waliona mwako wa kisahani wakawahi kuruka kabla risasi haijafika. Mchungaji akajifungia na kemikali zinazolipuka kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapata hataza ya mtambo usiohitaji jiwe wala kisahani kilicho wazi. Baada yake likaja wazo la kikofia kidogo cha shaba, ile fataki tunayoijua, ambalo watu kadhaa hudaiwa kulibuni. Mmoja wao ni Joshua Shaw, mchoraji Mwingereza aliyehamia Philadelphia na kupata hataza ya Marekani mwaka 1822. Philadelphia iko Pennsylvania. Kitu kilichopewa hataza na mkazi wa jimbo hilo hakiruhusiwi kwenye msimu wake wa Desemba. Sheria nazo zina vichekesho vyake.

Tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani? Waingereza walifanya majaribio Woolwich mwaka 1834, risasi 6,000 kwa kila aina ya mtambo, katika hali zote za hewa. Gumegume zilikataa mara 922. Za fataki mara 36. Ukipiga hesabu, gumegume ya jeshi ilikuwa inakataa karibu mara moja katika kila saba, na vita vyote vya Napoleon vilipiganwa hivyo.

Lakini fataki nayo haikumaliza ubishi, na ushahidi uko hapa hapa Pennsylvania. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, bunduki zaidi ya 27,000 ziliokotwa uwanjani. Taarifa inayonukuliwa mpaka leo inasema takriban 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa. Karibu nusu ya hizo zilikuwa na baruti na risasi mara mbili, maelfu kadhaa mara tatu hadi kumi, na moja ilikutwa na mishindilio 23. Wataalamu wanabishana kuhusu sababu. Wengine wanasema ni hofu, wengine wanasema askari hawakutaka kuua. Mimi, kama mtu wa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, naona sababu nyingine kuwa nyepesi kuamini: fataki imekataa, kelele za mizinga zimejaa masikioni, bega halikusikia teke kwa sababu lilikuwa linatetemeka lenyewe, na mikono ikaendelea na kazi iliyofundishwa. Shindilia tena.

Mwindaji naye anaweza kufanya hivyo, na hana kelele za mizinga za kusingizia. Bunduki imekataa, kulungu wa pili anatokea, moyo unadunda, mtu anamimina baruti juu ya risasi ambayo haijatoka. Mtutu ukipasuka, unapasukia karibu na mkono wa kushoto na macho. Ndiyo maana mideki ya watu wenye busara ina alama mbili za kisu: moja inaonyesha mtutu ukiwa mtupu, nyingine ukiwa umeshindiliwa mara moja. Unatumbukiza mdeki, unatazama alama, umemaliza. Na kabla ya yote hayo unangoja. Bunduki ikikataa, mdomo unabaki umeelekea upande salama kwa dakika nzima, kitako kikiwa begani kama bado unalenga. Usiigeuze kuichungulia. Usiiteremshe. Kungoja huko kunakuokoa wewe, na kule kubaki kwenye shabaha kunamwokoa kulungu na risasi ya tumbo. Mzee wangu siku hizi anajifunza upya kwa njia ya ajabu: mkewe humwekea, au asimwekee, baruti kwenye kisahani bila yeye kujua, halafu anapiga shabaha. Akiinua kichwa pale ambapo hakuna kitu, mama anacheka. Anasema imemsaidia kuliko bunduki yoyote mpya.

Nilipomwelezea kwamba kwetu Tabora babu yangu alikuwa na gobore, alishangaa kwa furaha, kama tumegundua ndugu wa mbali. La babu lilikuwa la fataki, baruti ikikaa kwenye kibuyu kilichozibwa kwa nta, na mzee yule alikuwa mkali kuhusu unyevu kuliko kuhusu dini. Lakini undugu wa silaha hizi ni wa karibu kuliko jirani yangu alivyodhani. Mawe meusi anayoyatumia, yale yanayosifiwa kuliko yote, hutoka Brandon, Suffolk, huko Uingereza. Mafundi wa mji huo waliendelea kuchonga mawe ya bunduki hadi ndani ya karne ya 20, miaka mingi baada ya jeshi lao kuyatupa, kwa sababu walikuwa na soko: Afrika.

Na soko hilo halikutokea kwa sababu Waafrika walipenda vitu vya zamani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika ukanda mkubwa wa bara letu, kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, na ukaacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti duni ya biashara. Nia ilitangazwa kuwa ni kuzuia biashara ya watumwa, na sehemu yake ilikuwa kweli. Matokeo yalikuwa kwamba mmoja alibaki na silaha inayokataa na mwingine na isiyokataa. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliingia vitani wengi wao wakiwa na mikuki na magobore, mbele yao kukiwa na bombomu za Wajerumani, bunduki za kumimina risasi mfululizo. Kwa hiyo samahani kama sioni mahaba yote ambayo wenzangu wa Pennsylvania wanayaona katika "silaha ya haki inayompa mnyama nafasi". Wao wameichagua. Wengine walichaguliwa.

Hata sasa, kila polisi wa Tanzania wanapotangaza muda wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, picha za magazetini huwa zile zile: magobore yamepangwa chini, mitutu ya mabomba, vitako vilivyochongwa kwa panga. Ni kazi za wahunzi wa vijijini, ambazo mara nyingi hujazwa goroli au vipande vya nondo. Ukizitazama kwa jicho la mtu anayejua kuchelewa kunafanya nini, unawaza wanyama waliokimbia nazo tumboni, na mikono ya waliozishika. Silaha ya kushindilia si mchezo kwa sababu tu ni ya kizamani.

Wapo watakaoniambia kwamba jibu ni rahisi, ninunue ile ya kisasa. Ni kweli zipo. Tony Knight wa Missouri alitoa MK-85 mwaka 1985, fataki ikikaa nyuma ya mtutu kwenye mstari mmoja na baruti, na siku hizi nyingi hutumia fataki kubwa ya bunduki za marisau, iliyozibwa isipate maji. Zinalia mvua inyeshe isinyeshe. Pennsylvania yenyewe ina msimu mfupi wa Oktoba zinakoruhusiwa, nami sina ugomvi na mtu anayezitumia. Afadhali huyo mara kumi kuliko mpenda mambo ya kale asiyezibua tundu lake. Ila ukichagua gumegume, umechagua pia kazi yote ya asubuhi: spiriti, kitambaa kikavu, unyoya, sindano, kupangusa bamba, kubadilisha baruti ya kisahani kila baada ya muda, hata kama hakuna kulungu aliyeonekana na vidole vimekufa ganzi. Siku ya ukungu mzito mimi simpigi kulungu baada ya kisahani kukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Namwacha apite. Wenzangu wananiona mwoga.

Linalobaki ni la jioni, na hapo mimi na jirani yangu hatujaafikiana mpaka leo. Kwa sheria ya jimbo, ukishaondoa baruti ya kisahani gumegume inahesabika haina kitu, unaweza kuitia kwenye gari. Yeye hufanya hivyo, akaiacha bandani usiku kucha ikiwa imeshindiliwa, amefunga kitambaa chekundu kwenye mtambo kama onyo, na kesho anaongeza tu baruti ya kisahani. Anasema baridi haiharibu kitu. Mimi naitoa yote kila jioni kwa kifaa kidogo cha gesi ya kaboni dioksidi kinachopuliza kupitia tundu la moto, risasi inaangukia kwenye blanketi kuukuu, na asubuhi naanza upya na baruti mpya. Anasema ni ubadhirifu. Nimempigia hesabu: mshindilio mmoja ni chini ya gramu tano, haufikii hata nusu ya bei ya kahawa anayoninunulia. Akasema basi kahawa ya kesho ninunue mimi.